Mtani, Umevaa Nini?

Karibuni, karibuni nyote, ingieni mkae popote penye nafasi, mlango uko wazi na simuulizi mtu jina lake. Kwanza mniwie radhi, maana hadithi hii huiharibu kila ninapoisimulia. Mimi nilichosomea ni kuchekesha watu jukwaani: kuanguka bila kuumia, kuvaa gauni la mama mkwe, kujifanya mlevi mbele ya shehe. Kutisha sikufundishwa. Nikifika penye jini watu hucheka, nikifika penye kichekesho hutokea mtoto akalia mpaka atolewe nje. Kwa hiyo mkicheka pasipopasa msione haya. Mkitishika pasipopasa, hapo mimi simo.

Palikuwa na fundi wa mtandao pale Kibiti, Mmatumbi, jina lake Abdulswamadu. Watu walilikata wakamwita Swamadu, kwa sababu lile zima halikutosha kwenye pumzi moja. Kazi yake ilikuwa kulinda rauta, vile visanduku vinavyopokezana intaneti mnara kwa mnara, kutoka ofisini kwake hadi zahanati na shule za visiwani, huko deltani ambako ukienda kwa boti unarudi na matope mpaka kwenye nyusi.

Mtandao huo aliujenga yeye na Yassin, Mndengereko wa Umwe. Koo zao zilikuwa na utani wa tangu mababu, basi hata rauta walizipa majina ya mzaha, kana kwamba wanaumba mtu. Ya kisiwa cha mwisho kabisa waliiita Kidole. Ya Nyamisati, Kiwiko. Ya Ruaruke, Bega. Na ile kubwa iliyokaa ofisini Kibiti, ambayo zote lazima zipitie kwake, Yassin aliibandika karatasi yenye maandishi mazito: MOYO.

Asubuhi moja Swamadu aliketi mezani, chai kushoto na andazi juu ya kibodi, akaifungua Kidole kutoka hapo hapo alipo. Kila rauta ina maneno yake ya mlangoni, unayasoma kabla hujaingia. Ya Kidole siku zote yalikuwa: Huna kibali, rudi ulikotoka. Siku hiyo yalikuwa mengine.

Mtani, umevaa nini?

Swamadu akajitazama. Shati la drafti, suruali ya kaki, kandambili.

"Mudy," akamwita kijana mwenzake wa meza ya pili, aliyeletwa kutoka Dar na hakuchoka kuikumbusha Kibiti jambo hilo. "Mzaha huu wa Kidole ni wako?"

"Mzaha gani, kaka? Mimi Kidole sina hata ruhusa ya kuchungulia. Si wewe uliyeninyima?"

Kweli, alimnyima. Swamadu akayafuta maneno yale, akaandika ya zamani. Alipokuwa akiandika aliona jambo dogo: ncha za vidole vya mkono wa kulia hazikuwa zikizisikia herufi. Akadhani ameulalia mkono. Akala andazi.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, la sivyo mtasema nimewaficha.

Yassin alikufa maji. Boti iliyokuwa imebeba mitambo ilipinduka kwenye mkondo mmoja deltani, mahali ambapo wenyeji hawapiti bila kuwasalimu wenye mto. Wengine waliogelea. Yeye aliletwa na maji baadaye, mdomo umejaa tope la mikoko. Na utani wa kwetu mnaujua: ukifa, mtani ndiye anayevaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anaongea kwa sauti yako, anamwendea mjane wako kudai ubwabwa, na waliaji wanacheka huku machozi yanawatoka, na msiba unapata kupumua. Ikifika arobaini, anavua. Anarudisha alivyovaa, anaoga, anakuwa yeye tena.

Swamadu alivaa shati la Yassin, la bluu lenye doa la chaki, na akamwiga vizuri mno. Yassin alikuwa na ada ya kupiga hodi kila mahali, hata kwenye chumba cha mitambo kisicho na mtu. Hodi, hodi, hodi, kisha husubiri, ndipo huingia. Basi Swamadu siku ya msiba akalipigia hodi pipa la maji. Akalipigia hodi sufuria la pilau. Wanawake walianguka kwa kicheko. Yeye hakucheka wala hakulia, na tangu siku hiyo chakula kilikuwa chakula tu, usingizi ulikuwa kufumba macho. Arobaini ilipofika alilirudisha shati, limefuliwa na kunyooshwa.

Shati alirudisha. Jina hakurudisha.

Maana kazi za wawili zilibaki za mmoja, naye akaandika skripti: maagizo ambayo kompyuta inayatimiza yenyewe, inaizungukia rauta moja baada ya nyingine, kuanzia Kidole kurudi hadi Moyo, inauliza kila moja u hali gani, inaandika majibu. Kazi ya kutazama tu. Lakini skripti nayo, kama mtu, haiingii rautani bila jina na nywila. Kuiombea jina lake lenyewe, lenye ruhusa ya kutazama na basi, kulitaka maombi makao makuu. Na jina la Yassin lilikuwepo, halijafutwa, lina mamlaka yote: kusoma, kuandika, kufunga, kufungua, kumpa mtu ruhusa na kumpokonya. Swamadu akaivika skripti jina la Yassin. Ni sawa na kumtuma mtu akachote maji kisimani, ukampa funguo za nyumba, za duka, na za chumba anacholala mkeo.

Aliliona kama utani umeendelea kidogo. Rafiki amekufa, lakini kila alfajiri jina lake linazunguka delta nzima linajulia hali.

Maneno ya pili yalikuja juani, saa ile ya mchana ambapo kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake na watoto wanaitwa wasicheze vichakani. Skripti ilikwishamaliza kazi tangu alfajiri. Hata hivyo kwenye kioo cha kompyuta Yassin aliingia. Alikuwa Kiwiko. Chumba kikanuka tope, lile tope la mikoko lenye harufu ya yai lililosahauliwa, na nyuma ya mlango wa mitambo, kati ya ngurumo za feni, kulisikika kitu kinachopiga maji polepole, kama kasia la mtu asiye na haraka.

Mtani, umevaa langu.

"Kaka," Mudy akanong'ona, "hiyo harufu ni ya choo?"

"Sijui. Siisikii."

"Husikii? Mbona mimi natapika?"

Jioni Salama, mkewe, alikuwa akipika uani. Humwita mumewe Baba Warda, kwa jina la binti yao mdogo. Akamwambia, "Baba Warda, niepulie hiyo sufuria kabla haijaungua." Swamadu akaiepua kwa mkono mtupu, akasimama nayo, akawa anauliza aiweke wapi. Salama akasema weka chini. Akauliza chini wapi, hapa au pale. Wakati wanabishana Salama akanusa nyama, na siku hiyo nyumbani kwao kulipikwa kisamvu.

"Ya Rabi! Mkono wako! Mkono wako, Baba Warda!"

Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye sufuria. Akaitazama kama risiti ya mtu mwingine. Ganzi ilikuwa imepanda hadi kiwikoni.

"Nikwambie kitu?" alisema wakati Salama anamfunga kitambaa huku akilia. "Najua natakiwa kuogopa. Naitafuta hofu siipati."

"Basi mimi ninayo ya kututosha sote," Salama akajibu. "Kuna nini huko kazini kwenu?"

Akamweleza. Salama akaacha kufunga. "Yule shangazi yake Yassin, Bi Zabibu wa Umwe, si ndiye anayewatuliza watu wenye pepo? Mpigie."

"Nimwambie nini? Mpwa wako ananitania kwenye kompyuta?"

Hakumpigia. Siku zilizofuata ikawa Bega. Mtani, linakubana? Na usiku ule Warda alipolala begani kwa baba yake, kama alivyozoea, Swamadu alijua kuwa mtoto yupo kwa sababu tu alimwona. Uzito hakuusikia, wala joto, wala mate yaliyomchuruzika. Akakaa akimtazama. Akahesabu yaliyobaki: baada ya Bega ni Moyo. Skripti ilipita njia hiyo kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeiandikia njia hiyo. Ikifika Moyo, mtoto huyu atakuwa furushi lililowekwa begani kwa mtu fulani, na mtu fulani atakuwa hana habari.

Asubuhi akamwambia Mudy, "Leo tunalifuta jina la Yassin."

Mudy akajaribu. Kioo kikajibu: Huna ruhusa. Swamadu akajaribu kwa jina lake, jina lililokuwa na ruhusa jana yake. Huna ruhusa. Aliyepokonya hakujificha, saini ilikuwepo: Yassin. Wakapiga simu makao makuu. Akapokea mtu mwenye sauti ya kiyoyozi.

"Mamlaka yote ya kanda hiyo yako kwa Yassin. Mwombeni yeye."

"Bosi, Yassin ni marehemu."

"Poleni sana. Basi mwombeni kwa barua pepe."

Mudy akakata simu. "Oya, kaka, hii noma. Tuzime umeme. Kitu kisicho na umeme hakina jini," akasema, akaingia chumba cha mitambo, akapiga magoti chini ya ile karatasi ya MOYO, akaushika waya mnene wa nyuma akauvuta kidogo, kidogo tu, kiasi cha kulegea, na hapo taa za Moyo zikafifia na Swamadu aliyesimama mlangoni akakatika maneno katikati, akaenda chini kama kanzu iliyodondoka kambani, macho wazi, kifua kimenyamaza, na Mudy akauona uso ule na waya mkononi mwake na taa zinazofifia, akaelewa vyote vitatu kwa mpigo, akausukuma waya ndani kwa mikono miwili huku anasoma sura za Kurani asizojua kama anazijua, na feni zikanguruma upya, na Swamadu akavuta pumzi ndefu yenye mlio wa maji.

"Nini kimetokea?" akauliza, kwa upole, kama mtu aliyesinzia kwenye mkutano.

Mudy alikwisha kushika simu. Alikuwa anampigia Salama.

Bi Zabibu alifika adhuhuri kwa bajaji kutoka Umwe, mama mnene wa makamo, kitenge cha manjano, simu mbili, pochi iliyotoa harufu ya ubani na pipi za mnanaa. Salama alikuwa naye. Mwanamke yule hakutazama mitambo. Alimtazama Swamadu kuanzia kandambili hadi kichwani.

"Wewe mbilikimo wa Kimatumbi," akasema, maana shangazi wa mtani ni mtani. "Ulivua?"

"Nilivua, shangazi. Shati nilileta, si ulilipokea mwenyewe?"

"Shati nimelipokea. Kingine ulivaa nini?"

Mudy ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Jina. Bado analitumia jina lake kwenye mitambo."

"Tangu msiba?"

"Tangu msiba."

Bi Zabibu akakaa kwenye kiti cha Mudy, kikalalamika. "Nguo ikiachwa njiani ataiokota mpita njia. Aliyeliokota si mwanangu. Mwanangu nimempokea mimi, tope nimelitoa mdomoni kwa kidole changu hiki. Huyu ni wa mkondo ule, amekuta jina halina mtu, limefunguliwa kila mlango, akalivaa. Na wewe uko ndani ya nguo hiyo hiyo. Nguo moja haivaliwi na wawili, mtani."

Akawasha ubani. Mudy akakimbilia kengele ya moto kuiziba kwa soksi yake. Moshi ukaingia chumba cha mitambo, feni zikaunyonya, na harufu ya tope ikapanda kupambana nao, na lile kasia likaanza tena, mara hii si nyuma ya mlango, bali chini ya vigae, chini ya miguu yao, likikaribia.

"Kioo kinasemaje?" akauliza Bi Zabibu.

Mudy akasoma: "Mtani, nimefika mlangoni."

Taa za Moyo ziliacha kupepesa, zikawaka zote pamoja, na zikabaki hivyo. Salama akaweka kiganja kwenye kifua cha mumewe, akakiondoa, akakirudisha. "Unakwenda mbali," akanong'ona. "Bi Zabibu, moyo wake unakwenda mbali."

"Nani anaweza kulifuta jina?"

"Yassin peke yake," akasema Swamadu. Ulimi ulikuwa unamlemea. "Wengine wote katupokonya."

"Basi Yassin aje." Akatoa pochini lile shati la bluu lenye doa la chaki. "Jini linajua kuvaa jina. Mzaha halijui, mzaha ni wa watu. Nenda nje. Njoo kama alivyokuwa akija. Ukikosea hata kikohozi, nitakuzika na bado nitakucheka."

Akatoka. Akasimama juani na shati la marehemu, hasikii jua wala shati. Wale waliobaki ndani walisikia mwendo wa Yassin ukija ukumbini, mguu mmoja ukiburuzwa kidogo kama wenye kijiwe kiatuni, kikohozi kikavu, kisha vidole mlangoni.

"Hodi."

Salama akafungua mdomo ajibu. Bi Zabibu akamziba kwa kiganja.

"Hodi."

Kasia likanyamaza. Kitu chini ya vigae kilikuwa kinasikiliza.

"Hodi."

"Nani wewe?" Bi Zabibu akauliza.

"Yassin bin Abdalah, shangazi. Sikuja kula, nimeshiba maji. Nimepita kuvua."

Ilikuwa sauti yenyewe, na kejeli yenyewe, na Bi Zabibu akacheka, kicheko kilichomtoka kwa nguvu kama kwikwi, na machozi yakamfuata. "Ingia, mwanangu. Ingia utoke."

Swamadu akaingia, akakaa, akaandika jina la Yassin na nywila ya Yassin, ile ya zamani, na kioo kikafunguka bila kinyongo. Ili kulifuta ilibidi kwanza alirudishie jina lake mwenyewe mamlaka, kisha aingie kama yeye. Kioo kikauliza: ruhusa gani? Na hadi lini?

"Mpe mpaka," akasema Bi Zabibu. "Hata pepo anayekaa kwa mtu huwekewa masharti: siku hii uje, kitu hiki usiguse. Usimpe yote."

"Baadaye, shangazi, nitarekebisha," akasema Swamadu, kwa kuwa kifua kilikuwa kinafumba na vidole alikuwa akivituma kwa macho. Ruhusa zote. Hadi lini: bila mwisho. Akatoka kama Yassin, akaingia kama Abdulswamadu, akalifuta jina la mtani wake, kioo kikamuuliza una hakika, akajibu ndiyo.

Taa zikarudi kupepesa. Harufu ya tope ikaondoka kama mtu aliyeaibishwa karamuni. Na maumivu ya mkono ulioungua, yale yaliyosubiri siku zote hizo, yakamfikia kwa pamoja, akapiga yowe, na yowe likageuka, likawa "Yassin, Yassin, ndugu yangu," akalia msiba ambao kila mtu alikwisha kuulia bila yeye. Salama akamshika. Mudy akavaa soksi yake.

Jioni Warda alimlalia begani. Mate yalikuwa ya moto. Akaapa hatahama mkao ule mpaka asubuhi.

Baadaye alifanya mambo kwa utaratibu. Aliomba jina jipya la skripti, makao makuu wakampa: lina ruhusa ya kutazama tu, haliandiki, halifungi, na lina tarehe ya kufa. Akajisifu kwa Mudy, akamfundisha. Kilichobaki kilikuwa ganzi kidogo kwenye kidole kimoja cha mwisho, akasema ni jeraha la sufuria. Jina lake mwenyewe hakulirekebisha. Alikuwa na kazi nyingi.

Mpaka mchana mmoja, juani, alipokuwa hotelini na wali maharage mbele yake, mkono mmoja una kijiko na mwingine una ndimu, Mudy akampigia.

"Kaka, mbona umeingia kwenye Moyo saa hizi, na umebadilisha maneno ya mlangoni?"

"Mimi niko hotelini."

"Jina ni lako."

"Maneno yanasemaje?"

Mudy akayasoma moja moja. "Mtani, sasa nimevaa lako."

Swamadu akaweka kijiko chini. Akampigia Bi Zabibu wa Umwe, akamweleza. Yule mama akauliza swali moja tu: "Mamlaka yote, bila mwisho, nani alikupa?"

"Yassin, shangazi."

"Na siku ile Yassin alikuwa nani?"

Swamadu akatazama ile ndimu. Aliikamua, maji yakapita kwenye kidonda cha kiganja, akasubiri yamchome. Akasubiri sana.

"Mimi," akasema.

Haya, niliwaambia nitaiharibu, na nimeiharibu. Huyo wa mbele anacheka, yule wa nyuma kashika kifua. Mkiona kuna mmoja hapa amekaa kimya, nguo zake zina tope, na hakuna aliyekuja naye, msimlaumu Swamadu. Mlango wa leo niliuacha wazi mimi, nikasema karibuni nyote, na majina sikuuliza.